Rudini

Dundee, ghorofa ya tatu, saa sita za usiku.
Hita imekufa tangu juzi.
Nimejitanda blanketi la hospitali, lile lililochanika,
ambalo kule kazini wangelitupa,
na masikioni mwangu wamo watu thelathini na wanane
wanangoja niseme neno.

Feruzi yuko Winnipeg, theluji imemzibia mlango.
Tima yuko Leicester, ananyonyesha huku ameshika usukani.
Byamungu hatuambii alipo; tunasikia tu garimoshi likipita.
"Kiongozi, lango linafunguka."
Kiongozi ni mimi.
Mimi niliyeomba kazi ya kukunja mashuka
ili nisizungumze na mtu.

Kwanza nilijifunza kuhesabu:
waganga wanne nyuma, wasiopigana,
wanaotushona mabati yakitoboka;
mpelelezi mmoja mbele, peke yake, katika chombo chembamba cha sindano;
waliobaki ni nyuki tu
mpaka nifungue mdomo.
Kisha nikajifunza kutaja jina moja la adui. Moja.
Ukitaja mawili, nusu wanampiga huyu, nusu yule,
na wote wawili wanaondoka wakicheka.
Kisha kupumua mbali na maikrofoni.

Jumamosi moja ya Februari,
karibu na nyota isiyo na jina, ina namba tu,
mpelelezi alisema: wapo mia.
Akasema: wapo mia na hamsini.
Nikasema: kazeni.
Nikasema tena: kazeni, kidogo tu,
kama anayemwambia mgonjwa daktari yuko njiani.
Waganga wakaenda mmoja mmoja.
Chombo cha Feruzi
(miezi minne ya kuchimba mawe angani baada ya zamu,
alikipaka manjano ya binzari)
kilipasuka bila mlio, maana huko mlio hausafiri.
Kelele zote zilikuwa zangu:
"Rudini! Rudini!"
kwa watu wasio na tena cha kurudia.

Chini yangu Bwana Rattray akagonga dari kwa ufagio.
Mara tatu.

Feruzi alisema, "Hewala, kiongozi. Ni mabati tu."
Tima hakusema. Nilimsikia mtoto akicheua.

Wiki nzima sikuwasha mashine.
Mashuka mia nne kwa zamu, kona kwa kona.
Nikajiambia, ukubwa wangu ndio huu.

Alhamisi mlango ukagongwa.
Bwana Rattray, ndani ya slipa, ufagio bado mkononi.
Nikaanza kuomba radhi. Akainua kiganja.
Alikuwa refa miaka ishirini na sita,
mechi za Jumapili, viwanja vya matope,
na alitaka kujua mbona kimya.
Halafu akatoa neno la kwetu,
limepindia mdomoni mwake lakini zima:
"Ruu-diini. Maana yake nini?"
Nikamwambia.
Akalitafuna kidogo.
"Nilidhani hivyo. Kila usiku unalisema mwisho,
na ukifika hapo sauti yako imeshalia.
Liseme mapema, binti.
Filimbi iliyochelewa ni upepo."

Akashuka ngazi, akihema.

Mama alipenda kusema
kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.
Utotoni nilidhani ni tusi.

Leo tena. Tupo thelathini na mmoja;
saba hawajanisamehe, au wamelala.
Mpelelezi: wapo sitini.
Mpelelezi: wanaongezeka.
Namwona wa mbele wao, mnono, amejiachia,
naweza kumtaja, jina lake liko kwenye ncha ya ulimi,
na Byamungu anasema, "Huyo, huyo, mtaje."

"Rudini," nasema,
taratibu, kama watu wanaitwa mezani.

Vyombo thelathini na kimoja vinageuka.
Byamungu ananuna hadi garimoshi lake linasikika upya.
Feruzi, katika kichombo cha kuazima, anapiga mluzi.

Nangoja ufagio.
Chini, kitanda cha mzee kinalia mara moja,
mtu anayejilaza.